Aliyeshika Upande wa Pili wa Mashine

Usiamini kwa sababu mimi nimesema. Njoo Ruponda uutazame mkono wangu wa kulia, vidole vimekakamaa, hata kijiko haushiki, halafu uniambie kama mtu anaweza kujitungia jambo kama hili.

Ilikuwa alasiri, jua bado kali. Mvua zilikaribia, na miche yangu ya korosho ilikuwa inanyauka kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki. Mikorosho ya zamani iliteketea kwa moto wa porini, ufuta nao ukakataa. Miche ile ikifa, tungekula nini, mimi na mke wangu na watoto watano?

Tulikuwa na mashine ya kuchimbia mashimo ya kupandia, ile ya petroli yenye chuma kilichojisokota, inayoshikwa na watu wawili, mmoja kila upande. Springi ya mkono wa mafuta ilikuwa imekatika. Ukiuachia haurudi, chuma kinaendelea kuzunguka. Shemeji yangu Bakari, niliyekuwa nachimba naye, alikwenda Nachingwea mjini kutafuta springi nyingine. Aliniambia, "Shemeji, usiiwashe mpaka nirudi. Peke yako huiwezi."

Nilingoja hadi saa tisa. Nikashindwa, nikaiwasha.

Shimo la kwanza tu lilinitoa jasho. Mashine inanizungusha mimi badala ya udongo. Nilikuwa karibu kulia. Hapo akaja mwanamume nisiyemjua, akashika upande wa pili bila hata salamu. Niamini, mashine ikatulia. Tukachimba mashimo kumi na saba. Nikamwambia, "Mungu akubariki, kaka." Hakujibu. Mashine inanitetemesha mimi mpaka meno, yeye hata kidole hakitikisiki. Niliona. Lakini ningeacha kazi kwa hilo? Wewe ungeacha?

Shimo lililofuata chuma kikanasa kwenye mzizi. Nikainama kuung'oa kwa mkono, injini inanguruma. Mzizi ukakatika ghafla, chuma kikadaka shati langu, kikaanza kunivuta. Swichi ilikuwa upande wake.

"Zima, kaka, zima!"

Nikamsihi kwa jina la Mungu, nikamsihi kwa jina la mama yake. Akaniangalia kwa huruma, naapa ilikuwa huruma, akasema polepole, "Na mimi niliomba hivihivi."

Nilizinduka nimelala chini. Mfugaji mmoja Msukuma, aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake, ndiye aliyechomoa waya wa plagi. Alikuwa ananifunga mkono kwa shuka lake.

"Mwenzako mbona amekukimbia?" akaniuliza. "Toka kule nimewaona wawili."

Bakari aliporudi alizunguka shamba lote. Alikuta nyayo zangu na za yule mfugaji, basi.

Miche ilikufa yote. Mke wangu sasa analima vibarua, na mimi nafungwa vifungo vya shati na binti yangu wa mwisho.

Juzi nilikutana na mkulima wa Nandagala, ana mashine kama ile. Akaniambia kwa furaha kwamba jamaa mmoja mkimya amekuwa akija kumsaidia, kazi inakwenda haraka ajabu. Nikamuuliza kama mashine ni nzima. Akasema mkono wa mafuta unanasa kidogo, atautengeneza msimu ukiisha.

Nilimwomba aizime siku hiyohiyo, akacheka. Wewe usicheke. Mashine ikiwa mbovu, iweke chini, hata kama miche inakufa mbele ya macho yako. Na anayekuja kukushikia upande wa pili, hakikisha unakujua kwao.