Simu Iliyopata Homa Makaburini

Mke wangu alipofariki, simu yangu ilifanya kazi kuliko mtu yeyote wa familia. Siku zote tatu za kilio ilikuwa kwaya, ikipiga nyimbo za kanisa kupitia spika ya jirani. Giza likiingia ilikuwa tochi ya wapishi. Mchana ilikuwa dirisha, maana ndugu wa mke wangu wametawanyika katika nchi ambazo sijui ziko upande gani, na kila mmoja alitaka kuuona uso wa mgane. Uso wangu hauna mengi ya kuonyesha. Mimi silii mbele za watu, nakaa tu. Binamu yake mmoja aliniangalia kwa video dakika nzima, kisha akauliza kama mtandao umekwama.

Katika ukoo wa mke wangu, mtu wa tumbo moja na marehemu ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Kabla yake hakuna anayegusa beleshi. Wa tumbo moja, mke wangu alikuwa amebakiza kaka mmoja tu, ambaye alihamishwa kutoka hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale akapelekwa nchi ya theluji, na huko anakata kuku kiwandani. Wazee wakaamua kwamba atatupa kwa njia ya simu. Yeye atasema neno, mimi nitakuwa mkono wake.

Makaburini tulifika saa nane, jua likiwa juu ya vichwa. Simu ilikuwa imeanza kuishiwa chaji, kwa hiyo nikaichomeka kwenye betri ya akiba iliyokuwa mfukoni, huku video ikiendelea. Shemeji alionekana ndani ya gari, amevaa koti nene kama godoro.

"Muinue simu!" akapiga kelele. "Ninaona matako ya mchungaji tu!"

Mchungaji alisikia. Sisi sote tulisikia. Nikainua. Kifuniko cha mpira kilikuwa kinaunguza vidole kama sufuria. Kwenye kioo pakatokea mchoro wa kipimajoto na maneno kwamba simu imeacha kuchaji mpaka ipoe. Kabla sijaelewa, shemeji akatoweka.

"Simu iko na homa," akasema jirani yangu, mama mzee wa Burundi, kwa sauti ileile aliyotumia wiki mbili kabla kumwambia mke wangu kwamba ana homa.

Hapo msiba ukapata kazi mpya. Watu waliokuwa wanalia wakaacha, wakaja kuipepea simu kwa mitandio na vitabu vya nyimbo. Mmoja akashauri majani ya mgomba. Mwingine akasema, "Muweke fasi ya baridi, pale kwa mama wa soda!" Mama wa soda alikuwa amekaa kando ya njia na kasha lake la barafu. Simu ya mgane ikalazwa katikati ya chupa, juu ya barafu yenyewe. Jeneza lilingoja juani.

Mtu atauliza kwa nini hatukutumia simu nyingine. Zilikuwepo. Namba ya shemeji ilikuwa ndani ya ile iliyolala barafuni.

Baada ya nusu saa tuliitoa. Ilikuwa inatiririka maji kama samaki. Ikawaka, ikaonyesha alama ya tone la maji, ikazima moja kwa moja. Mchungaji akatazama mawingu, akatazama pikipiki yake. Alikuwa na mazishi mengine Rugaaga.

"Ndugu zangu," akasema, "Mungu hangojei mtandao."

Wote wakanigeukia. Sasa niseme ukweli, maana aliyezoea kunisikia nikisema ukweli hayupo tena. Sikuhuzunika simu ilipozima. Miaka ishirini nimelala kando ya yule mwanamke, nimekimbia naye vita, nimembeba mgongoni hadi zahanati, halafu udongo wa kwanza uwe wa mtu anayekata kuku? Niliinama nikautupa mimi. Nilitupa haraka, kabla mtu hajapata wazo lingine.

Fundi wa hapa kambini alishindwa na simu, nikaipeleka mjini Mbarara. Fundi wa huko aliifungua, akacheka hadi akaita wenzake.

"Ssebo, hii ulipika ao ulifua?"

"Vyote," nikasema.

"Banange! Unachaji, unapiga video, jua inapiga, na umeivalisha mpira kama mtoto wa baridi. Ingezimia tu. Ungetoa chaji, ungetoa kava, ungeweka kivulini, basi. Nani alisema barafu?"

"Tulikuwa msibani."

Akaacha kucheka. Alibadilisha tundu la chaji, ikawaka, na ujumbe wa sauti ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine. Nikasikiliza mmoja palepale, nimesimama. "Shemeji, musizike. Ninawaomba. Ningali hapa kwa gari. Musizike bado."

Yule mama wa Burundi alinishauri niseme tulimngoja mpaka jioni. Wengine wakasema nisingizie mvua. Nikampigia shemeji nikiwa nyumbani, kivulini.

"Nilimzika bila wewe," nikamwambia. "Udongo wa kwanza niliutupa mimi. Na nilifurahi kuutupa."

Video ikakwama. Alibaki amefunga macho, mdomo wazi, huku sauti yake ikilia vizuri kabisa. Nilikaa nikiutazama ule mdomo. Sauti ikasema, "Mujinga weye." Nikakubali. Ikasema tena. Nikakubali tena.

"Kesho asubuhi unanipeleka kwa kaburi," akasema mwishoni.

Nilimpeleka jua halijapanda, simu imejaa chaji, haina kifuniko. Aliutazama mchanga muda mrefu, akaita jina la dadake la utotoni, ambalo mimi sikuwa nalijua.

"Chukua udongo."

Nikachukua.

"Tupa."

Nikatupa. Haukutoa sauti yoyote, ulianguka juu ya udongo mwenzake.

"Huu ndio wa kwanza," akasema shemeji. "Ule wako ni wa pili."

Ningeweza kubisha. Mashahidi ninao, hata mchungaji. Nilimtazama yule mtu aliyekaa peke yake kwenye gari lake, theluji ikianguka nyuma ya kioo, kamasi zikimtoka asizifute.

"Ndiyo, shemeji," nikasema. "Wangu ni wa pili."