Fimbo ya Muhamudo

Ndugu yangu Muhamudo ni fundi seremala, mtoto wa fundi seremala. Ukiona mlango umekaa sawasawa katika mji wetu huu mdogo wa ghuba ya Tungue, ujue umetengenezwa na marehemu baba yetu, fundi Abibo, au umetengenezwa na Muhamudo. Nayasema haya mwanzo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nitakayoyasema baadaye yananiinamisha kichwa.

Vita vilipotulia tukarudi kutoka ukimbizini, tulikuta kibanda chake cha kazi kitupu. Mbao alizozianika darini miaka na miaka zilikuwa zimechukuliwa zote. Ikabidi afanye kazi kwa miti mibichi. Vitanda vilipinda, lakini nani angelalamika? Sote tulikuwa tunalala chini.

Wakati huo Ricardo, mtu wa Pemba, ile ya huku kwetu Msumbiji, aliyefuata kazi za gesi, alikuwa amefungua banda lenye meza ya bilhari. Anauza soda, na vingine ambavyo si soda. Vijana wanashinda pale wakisukuma mipira kwa fimbo ndefu. Fimbo hiyo wanaiita tako, kwa Kireno, na mimi siwezi kulitamka neno hilo mbele ya wakwe zangu, kwa hiyo nitasema fimbo.

Fauzi, mjukuu wa jirani yangu Nafisa, alikuwa anawashinda wote. Akamjia Muhamudo, ambaye vijana humwita mestri, yaani fundi.

"Mestri, fimbo za Ricardo zimechakaa. Nataka yangu mwenyewe, niende nayo mashindanoni, kampeonatu ya Palma. Lakini sijui kama utaweza. Hizi zinatoka kiwandani."

"Mimi nachonga makasia ya watu wa kisiwa cha Vamizi," Muhamudo akamwambia, "nishindwe na kijiti?"

Akaichonga kwa mti mbichi, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Siku ya kuipeleka, fimbo ilikuwa imenyooka. Ilipokwisha kukaa juani kidogo, Fauzi akaiviringisha juu ya meza mbele ya Muhamudo, ikaruka-ruka kama mbuzi mwenye kiguu. Banda zima likacheka.

"Mestri, hii ya kuangulia maembe!"

"Mpelekee dada yako akakorogee ugali!"

Muhamudo, mtu mwenye mvi, alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nilimwekea chakula, hakukigusa. Nikamwambia watoto wale hawana adabu, awaachie Mungu. Akasema, "Hawakusema uongo, dada. Imepinda." Baba naye alikuwa hivyo: umtukane utakavyo, ila usiitukane kazi yake.

Haikupita muda, msikiti ukampa jeneza alitengeneze. Jeneza lile alilichonga baba yetu mimi nikiwa shkola, darasa la pili. Nililishika tawi la mninga wakati anapasua, nikamshikia ncha ya uzi wa masizi akipiga mistari yake. Baba hakuwa na rula. Kwenye miti miwili mirefu ya kubebea, matundu ya pini za kushikia vibao alikuwa akiyapima kwa shubiri yake. Tangu hapo, kila maiti wa mji huu aliyezikwa kwetu ametoka nyumbani juu ya miti ile miwili mirefu. Baba mwenyewe. Mama. Mume wangu.

Vibao vya katikati vilikuwa vimeoza. Muhamudo akavibadilisha, na ile miti miwili akaitoa pia, akaweka mipya, kwa sadaka yake. Watu wakamwombea dua. Mwalimu Yusufu, imamu wetu, akamuuliza miti ya zamani iko wapi, kwani mali iliyotolewa kwa msikiti hairudi nyumbani kwa mtu. Hata ikichakaa, huwa kuni za kuchemshia maji ya kuoshea maiti.

Muhamudo akajibu, "Imeliwa na mchwa, Mwalimu. Imevunjikavunjika."

Haya niliyasikia baadaye kwa watu wa msikitini. Niliyoyaona ni kwamba alianza kufanya kazi mlango umefungwa. Nikimpelekea chai nasikia randa. Kumbe mle ndani aliuchonga mti ukawa pande nne, zikawa nane, zikapotea ukawa mviringo. Akaukwangua kwa kigae cha chupa mpaka ukang'aa. Kwenye kitako akatia risasi za kuzamishia nyavu ili fimbo iwe na uzito mkononi, na ncha akaibandika kipande cha ngozi kutoka soli ya kiatu. Akaiviringisha juu ya kioo cha dirisha, ikaenda kimya, kama maji.

Fauzi alikwenda nayo Palma, akashinda. Akarudi akiipitisha nyumba kwa nyumba kama bwana harusi.

"Bibi, ishike! Kazi ya mdogo wako hiyo. Watu wa Palma wananiuliza nimeagiza wapi!"

Niliishika. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kimetoka mkononi mwa Muhamudo, na Mungu anisamehe, nilijivuna. Sehemu nene ilikuwa na nukta nyeusi za mpingo, zimepangwa mstari mmoja. Nilidhani urembo. Nikazipapasa, kidole gumba kwenye nukta moja, kidole cha mwisho kikatua chenyewe kwenye ya pili. Nikasogeza mkono. Kikatua tena.

Mkono wangu ni wa baba, mrefu. Nikiwa msichana walinicheka kwa ajili yake. Zile nukta zilikuwa matundu ya pini za baba, yamezibwa.

Nilimrudishia Fauzi fimbo yake, nikaenda kwa Muhamudo.

"Ule mti ni wa jeneza."

Hakuuliza mti gani. "Ule ulikuwa mkavu, dada, na nilitoa mipya. Mibichi, lakini minene kuliko ile. Nikaona nimebadilishana."

"Umebadilishana na nani? Na Mungu? Alikujibu?"

Akaokota randa, akaanza kuifuta.

"Na mchwa je? Nao ulibadilishana nao?"

Hapo akauficha uso kwa mikono yake yenye vumbi la mbao. "Nilitaka waone inanyooka," akasema. "Hicho tu. Nilitaka waone inanyooka."

Nikamwambia mimi sitakwenda kumsema. Lakini watu wakifiwa wanamwita yeye akate mbao za kaburi, na nikamuuliza ataingiaje nyumba hizo. Alikwenda kwa Fauzi siku ileile. Fauzi alikasirika, akataka hata kulia, mpaka alipoambiwa mti umetoka wapi. Akaiachia kama imemuunguza.

Baada ya swala ya alasiri Muhamudo alisimama mbele ya jamaa, fimbo mkononi na mti wa pili miguuni, akasema yote, na mchwa akawataja. Wapo waliosema avuliwe kazi ya msikiti. Mmoja akasema ichomwe. Mwalimu Yusufu akaigeuza-geuza, akauliza kama inaweza kurudi kuwa mti wa jeneza. Muhamudo akajibu haiwezi, imeshakuwa nyembamba.

"Basi itakuwa kipimo," akasema. "Mtu akifa tunatafuta ufito wa kupimia urefu wake. Tusitafute tena."

Muhamudo akaomba angalau aikwangue ule mng'ao, azitoe na nukta. Mwalimu akamwambia, "Iache ilivyo."

Wa kwanza kupimwa alikuwa Nafisa, jirani yangu. Wanawake tuliomwosha tuliipokea mlangoni, tukaweka alama ya kamba, tukaitoa nje. Nilichungulia. Muhamudo alikuwa ameinama juu ya mbao anazikata kwa kufuata alama ile, na fimbo imelala mbele yake inang'aa, nzuri mno kwa kazi ile, watu wote wanaiona. Hakuinua uso hata alipoitwa anywe maji. Mimi nami nilirudi ndani haraka, nisije nikatazamwa.

Kazi hawakumnyang'anya. Ila yuko msikitini safu ya nyuma, yeye aliyekuwa akisali mbele. Na siku yangu ikifika, mimi, binti wa fundi Abibo, nitapimwa kwa fimbo ya bilhari, iliyochongwa na mdogo wangu kwa mti alioukata baba yangu. Nimemwomba binti yangu siku hiyo waifunike kwa kanga.