Goti Limekunjika Mbele ya Shangazi

Jamani, leo goti limekunjika!

Mnakumbuka nilivyoanguka nikijifunza kuteleza kwenye theluji kule nilikokuwa nasoma? Ninyi mlicheka video. Mimi nikarudi nyumbani Ihanja mguu umenyooka kama mchi.

Sasa huku kwetu binti anamsalimia mkubwa kwa kupiga goti.

Mimi nikawa nasalimia nimesimama. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akatangaza kwamba nimerudi na maringo. Nikimweleza, ananijibu: "Barafu gani ya kumuumiza mtu? Si hii ya dukani, watoto wanalamba?"

Daktari wa mazoezi naye anasema goti limepona, kilichobaki ni woga. Lakini jana tu lilinikatalia katakata.

Leo asubuhi niko uani nageuza alizeti kwenye turubai, shangazi akaibukia nyuma yangu. Kabla sijafikiri, nikashuka.

"Shikamoo shangazi."

Halafu nikatazama chini.

Goti liko kwenye vumbi! Lile lile bovu!

Nikapiga kelele kuku wakakimbia. Shangazi akaitikia marahaba, akasubiri niinuke.

Sikuinuka. Goti limejua kushuka, kupanda bado. (Chekeni tu, nawaona.)

Ikabidi anishike kiunoni anivute, tunacheka wote mpaka machozi. Nikadhani sasa ataniomba radhi kwa yale maneno ya maringo.

Thubutu! Alijifunga kanga yake vizuri, akanipangusa vumbi gotini, akasema:

"Kesho nitapita tena. Unisalimie."