Meno ya Bibi Wakuru

Yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wala shemeji. Ukitaka kucheka, cheka. Mkubwa wangu wa kazi alicheka pia, na hadi leo sijakubaliana naye.

Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, nilikuwa Musoma, narekodi sauti za wakulima kwa vipindi vya elimu ya watu wazima. Kinasa sauti chetu kilibana sauti chenyewe: kubwa kinaishusha, ndogo kinaipandisha. Basi kila S ikatoka kali, inachoma masikio kama mafuta ya moto yakikurukia mkononi. Wazee wa Butiama ndio waliozidi, maana wengi walichongwa meno ya mbele ujanani, ndiyo desturi, na pumzi ikapita hapo na mluzi. Mkubwa akaamuru wasirekodiwe tena, maneno yao yasomwe na mwalimu. Nilikataa. Nikafunga penseli mbele ya maikrofoni, nikaigeuza isitazamane na mdomo, na S ikapungua ukali. Kwani ilihitaji zaidi ya hapo?

Jioni moja, jua bado lipo, nilikuwa peke yangu kwenye mahame nje ya Butiama, kati ya nyumba zilizoachwa, nikijaribu mashine. Akaja bibi mmoja amejifunga kaniki, meno ya mbele yamechongwa, akakaa kwenye nyasi.

"Mwanangu, mimi Wakuru. Nirekodi. Magesa wangu yuko Kibara, ghala la pamba. Mwambie asiniache. Trekta ya shamba la kijiji inakuja huku. Aje aniwekee mawe."

Niamini: alipoongea, mshale wa kupima sauti ulilala chini kabisa. Uliruka kwenye S tu. Nikainua macho nimwombe arudie, hayupo. Na nyasi alizokalia zilikuwa zimesimama wima.

Niliogopa? Niliogopa mno! Lakini sikuifuta kanda. Mkubwa alipoisikia alisema, "Futa, hizi sauti zinaumizaga masikio ya watu." Nikaitia mfukoni mbele yake, na kesho yake nikadandia lori la kwenda Kibara, mashine begani.

Magesa alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidogo. Nikaona nimpigie kanda kwa heshima, nikapunguza kitufe cha sauti nyembamba hadi mwisho, S yote ikafa. Akasikiliza, akanikunja shati.

"Huyo simjui! Mama alikufa kabla hatujahamishwa. Nani amekutuma unichezee?"

Nikiwa nimekabwa hivyo hivyo, nikarudisha kitufe kilipokuwa. S ikarudi na mluzi wake. Magesa akaniachia, akakaa juu ya gunia la pamba.

"Ni yeye. Alikuwaga ananiita hivyo." Alilia bila aibu, nami nikalia naye.

Tulipofika Butiama trekta ilikuwa imeshafika ukingoni mwa mahame. Nikamwonyesha pale alipokaa bibi, naye akasema ndipo walipomzika. Akaanza kupanga mawe. Mjumbe wa kijiji akaja juu: hapa ni shamba la wote, ondoeni! Sikubishana naye. Nilifungua mashine, nikaongeza sauti, Bibi Wakuru akaongea mwenyewe. Mjumbe akarudi nyuma. Dereva akageuza trekta bila kuagizwa na mtu.

Kazi nilifukuzwa, na sikuomba radhi. Naishi Nyakato, na kanda ninayo. Mashine ilishakufa zamani, lakini ile S huja jioni chumbani. Zamani nilikuwa nakimbilia nje. Sasa naitikia, "Nipo, mama."

Nanyi mnaosafisha sauti za watu kwa mashine zenu za siku hizi, nawaonya. Punguzeni ukali, msiumalize. Siku mama yako atakapokuita, utamfahamu kwa kipi?