Koti Shambani kwa Mama Mkwe

Leo nina malori mawili na nyumba ya bati Kihonda, na darasa la pili sikulimaliza. Nasema mapema ujue anayekusimulia si mtu wa kuonewa huruma. Lakini enzi za vijiji vya ujamaa, mwaka niliokuwa naposa, mimi huyu huyu nililima juani nimevaa koti.

Kwetu Uluguru mchumba alipimwa kwa jembe. Unalima shamba la mama mkwe, na mjomba wa binti anakaa pembeni anakutazama, maana neno la mwisho ni lake. Vijana hulima vifua wazi. Mimi nilikuwa nabeba ndizi kutoka mlimani hadi sokoni mjini, mikungu miwili pale wenzangu wanapobeba mmoja. Nikataka nguvu zaidi. Mchuuzi mmoja wa Msamvu akaniuzia vidonge, akasema vitamini. Nikameza vitatu kila siku.

Kifua kikakua kweli, ila si pale nilipotaka. Chuchu zikauma, nyuma yake pakaota kitu kama kifungo, na baada ya miezi kadhaa nina maziwa mawili kama binti anayebalehe. Ndipo koti.

"We bwana," mjomba akaniita, "humo umeficha sukari ya duka la kijiji?"

"Homa tu, mjomba."

"Homa ya wiki tatu! Sisi hatuozi binti kwa mgonjwa. Jumamosi njoo bila koti, au usije kabisa."

Asubuhi yake nikateremka hospitali.

"Daktari, kama ni saratani niambie. Kama nageuka mwanamke, usiniambie."

Akanipapasa kifua pande zote mbili, akabonyeza ini, akanivua suruali akakagua kokwa moja moja.

"Pombe?"

"Kiasi cha kiume tu."

"Dawa gani unatumia?"

"Vitamini, hizi hapa."

Akazitazama, akanitazama, akaenda kufunga mlango.

"Kisomo cha watu wazima huhudhurii?"

"Ndizi hazisomwi, daktari."

"Hivi ni vidonge vya uzazi wa majira. Wanameza wanawake wasipate mimba."

Nilicheka mpaka machozi. Sijawahi kufurahia ujinga wangu namna ile! Akanieleza kwamba maziwa ya mwanaume huweza kuletwa na ini bovu, uvimbe wa kokwa, dawa fulani, hata kubalehe tu. Saratani mara nyingi huwa upande mmoja, ngumu, imekaa pembeni ya chuchu. Yangu yalikuwa pande zote mbili, nyuma ya chuchu katikati kabisa.

"Acha vidonge, yatapungua yenyewe. Yakikaa mwaka na zaidi, rudi tuyakate."

"Na watoto nitapata?"

"Utapata."

Lakini Jumamosi ilikuwa keshokutwa, na maziwa yako pale pale. Mwingine angehama kijiji. Mimi nilifika shambani, nikamwamkia mjomba shikamoo, nikavua koti mbele yake, nikamweleza yote, mpaka kokwa.

Mzee alicheka akashindwa kusimama. Alipopata pumzi akasema, "Mkwe gani huyu, anameza dawa za kuzuia mimba kabla hata ya kupewa mke! Haya, lima."

Nikalima hadi mpakani, kifua wazi, maziwa yananesa, upepo wa mlimani unanipiga kote. Raha ile siwezi kuieleza. Mahindi yalipovunwa kifua kilikuwa bapa na binti yuko kwangu, tumezaa saba. Koti nililiacha juu ya kisiki pale pale shambani, na mpaka leo sijui nani alilichukua.