Mama Mashimo na Jeneza Lisilovuja

Kwenye ofisi za bandari, chumba cha mwisho kabisa, kile ambacho dirisha lake halifungi, alikuwamo mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jina lake la kwenye ajira wengi walishalisahau. Kila mtu alimwita Mama Mashimo, na wengine walimwita hivyo kwa kumcheka. Wacha wacheke. Hakuna maiti iliyozikwa baharini bila yeye kutoa kibali, na mama huyo hakuwa na utani na kazi.

Fundi mashua mmoja alimjua siku alipofiwa na baba yake. Mzee naye alikuwa fundi mashua, na kabla ya kukata roho aliomba jambo moja tu, azikwe baharini. Fundi alifika ofisini akijua atapigwa danadana. Wapi! Mama Mashimo alimkalisha, akampa maji ya kunywa, akaanza kumwelekeza polepole kama shangazi anayemtuma mtoto dukani. Cheti cha daktari kiwepo. Maiti isitiwe dawa ya kuhifadhi. Avikwe pamba tupu, bila hata kifungo cha plastiki, na afungwe mkononi lebo ya kumtambulisha. Jeneza liwe la mbao laini, liwekwe uzito upande wa miguuni, litobolewe mashimo juu, chini na ubavuni.

"Nitakuja kulikagua mwenyewe kabla halijapelekwa hospitali kumchukua mzee," alisema. "Na mashimo, mwanangu, usiyasahau."

Fundi hakuyasahau. Alitengeneza jeneza kwa ustadi ambao hajawahi kuutia kwenye kitu, akaziba kila kiungo kwa pamba na mafuta, kama alivyozoea. Mkewe alipomkumbusha mashimo, akajibu, "Kesho asubuhi." Asubuhi ikafika, akashika keekee ya kutobolea, na mkono ukagoma katakata.

Mama Mashimo aliingia karakanani akihema. Akalizunguka jeneza, akaligonga kwa kucha, kisha akamwaga kikombe cha maji ndani yake na kuchungulia chini. Halikuvuja hata tone.

"Kazi safi," alisema. "Ila hili halizami. Kibali sitoi."

"Mama, ndugu wote wako gatini, na boti inasubiri," mke wa fundi alimsihi. "Tufichie aibu hii, nani atajua?"

"Nilishawahi kutumwa kwa mjane, mwanangu, kumwambia mumewe amerudi ufukweni. Jeneza lilikuwa zima, zuri kama hili. Sitaki kuja kwako na habari hiyo."

Fundi alitupa keekee chini.

"Nimefundishwa kuziba mimi! Na yeye ndiye aliyenifundisha. Nikiacha upenyo wa sindano, ananirudisha mwanzo. Leo nimtobolee yeye mwenyewe? Maji yatamwingia!"

"Yatamwingia, ndiyo," Mama Mashimo alisema kwa upole. "Si ndiko alikoomba kwenda?"

Hapo fundi akalia, kilio cha mtu mzima, kile kinachotikisa mabega. Mama Mashimo hakumharakisha. Aliokota keekee, akaipangusa kwa upindo wa gauni lake la kazini, akamrudishia. Kisha akapiga magoti kwenye maranda na kulikumbatia jeneza kwa mikono miwili lisicheze.

"Toboa, baba. Nimeshika."

Akatoboa. Vumbi la mbao lilimjaa mama wa watu mpaka kwenye miwani, naye hakuachia.

Sheria ilimtaka akague na kutoa kibali, basi. Hakuna kifungu kilichomtaka apande boti. Alipanda. Walipofika kwenye kina kirefu, mbali na nyavu za wavuvi, nahodha akazima injini na jeneza likateremshwa. Likabaki juu ya maji. Kisha maji yakaingia kwenye mashimo yake, moja baada ya jingine, na mzee akatanguliza miguu, taratibu, akaenda.

Ndugu walijifuta machozi, wakarudi kukaa. Mama Mashimo alibaki ukingoni, ameinama, anatazama maji. Fundi akasogea karibu yake.

"Unangoja nini tena, mama?"

"Mapovu yaishe. Huwa simwachi mtu njiani."

Fundi akaweka mikono ukingoni karibu na yake, wakangoja pamoja.