Nyayo za Gari Kwenye Uwanja Niliofagia

Nakumbuka siku moja ya mwaka wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Usiniulize namba ya mwaka, mimi shule niliishia kuandika jina langu. Ni mwaka ule mvua ilipoozesha mahindi shambani, Mpanda nzima tukala viazi vikavu asubuhi na viazi vikavu jioni, mpaka watoto wakiona sufuria wanalia kabla haijafunuliwa. Kiangazi cha mwaka huo ndipo mama yako Modesta alipoolewa Kasekese.

Babu yako alikuwa na Landrova ya kubebea watu na magunia. Siku chache kabla ya harusi aligongana na mkokoteni wa Msukuma mmoja akitoka mnadani. Ng'ombe walishtuka, wakauvuta mkokoteni katikati ya barabara, tairi la mbele la kushoto likaukumba. Watu wazima, ng'ombe wazima, mkokoteni ukawa kuni. Babu yako akanyoosha bampa, akapaka rangi ya kijani, akawa analizunguka gari lake utadhani bwana harusi ni yeye.

Asubuhi ya kumpeleka mwali nilifagia uwanja, mistari ya ufagio ikalala yote upande mmoja. Uwanja niliofagia mimi hata kuku akipita unamjua ni yupi. Babu yako akaliingiza gari. Akina mama wakapanda nyuma na vigelegele vyao, Modesta akakalishwa mbele kajifunika kanga. Mimi nikabaki natazama chini.

Mjukuu wangu, gari zima likienda moja kwa moja, tairi la nyuma linakanyaga palepale lilipokanyaga la mbele. Unaona mistari miwili, basi. Ya babu yako ilikuwa minne. Gari lilikuwa linatembea kama mbuzi anayeburutwa kwa kamba, kichwa huku, kiuno kule.

Nikasema, "Sipandi, na mwanangu hapandi."

"Mama Modesta," babu yako akasema kwa ile sauti ya kuogopa watu, "usukani unavuta kushoto kidogo tu. Naushika."

"Utaushika na kwenye mteremko?"

"We umesomea wapi magari?"

"Sijasomea. Uwanja nimefagia mimi."

Wifi yangu, dada yake babu yako, akachungulia kutoka nyuma. "Wifi, sema tu kama unataka kubaki na mwali wako. Jua likizama hatujafika, wale watasema tumeghairi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonichoma. Wakwe walikuwa wameshapika. Mwali asiyefika siku yake anasemwa mpaka anazeeka. Modesta alikuwa analia ndani ya kanga, na sikujua kama ananililia mimi au anamlilia mwanaume wake. Nikafungua mlango, nikamshika mkono, nikarudia: "Sipandi, na mwanangu hapandi." Akashuka. Akina mama nao wakashuka, wamenuna kila mmoja kwa namna yake.

Tukamwita fundi Yohana, Mrundi, jirani yetu hapahapa Misunkumilo. Alikuja na uzi. Akaupima upande wa kulia, kutoka katikati ya tairi la nyuma mpaka katikati ya tairi la mbele, akafunga fundo. Akahamia kushoto. Fundo likapita katikati ya tairi la mbele kwa kiganja kizima. Akaingia uvunguni, akatoka amekunja uso.

"Mzee, boliti inayoshika springi na ekseli imekatika. Ekseli ya mbele imerudi nyuma upande huu. Kwenye mteremko ingezidi kurudi."

Babu yako akakaa kizingitini, akaomba maji.

Yohana akapiga jeki, akairudisha ekseli mahali pake, akatia boliti nyingine. Halafu akaulaza uzi ubavuni mwa matairi, akawa anazungusha rodi ya usukani kidogo kidogo mpaka matairi ya mbele yakatazama njia moja. Akina mama wakatafuna michembe na kunisengenya nikiwa nasikia. Alipomaliza nikachukua ufagio, nikafagia uwanja upya. Wifi alinitazama weee, kisha akachukua ufagio wa pili.

Gari likapita. Mistari miwili.

"Haya, bwana barabara," wifi akasema, "sasa unapanda?"

Nikapanda, tena mbele. Kasekese tulifika jua linagusa miti, wakwe wamevimba nyuso. Wakamwona mwali, nyuso zikashuka. Tukala wali, mjukuu wangu. Wali mweupe, baada ya miezi yote ile ya viazi.

Basi nisikilize. Gari likishagongwa, usidanganywe na rangi. Lipitishe kwenye vumbi lililofagiwa, vumbi halimwonei mtu haya. Na watu wakikuharakisha kwamba wenzako wanangoja, waache wangoje. Aibu ya kuchelewa inaisha kwenye sahani ya kwanza. Ningeiogopa aibu ile siku ile, wewe usingekuwepo leo kuninunia.

Mungu akupe safari ndefu, akurudishe nyumbani na viungo vyako vyote, akupe na mke asiyeogopa kukuudhi.

Sasa hilo gari ulilonunua, lililogongwa likapakwa rangi, naliona pale njiani. Unapiga honi, unasema tunachelewa kanisani. Mama yako Modesta yuko hapa kando yangu, ameshavaa. Uwanja nimeshafagia. Lipitishe kwanza nitazame chini. Kabla ya hapo jibu langu ni lilelile.

Sipandi, na mwanangu hapandi.